Damu Iliyotolewa kwa Niaba ya Ephantus

Mume wangu, Ephantus Githinji, hakuwahi kupanga foleni. Simsingizii. Yeye mwenyewe angekuambia hivyo, tena kwa kujisifu. Foleni ya posta, foleni ya mbolea, hata foleni ya kuingia kanisani siku ya Krismasi, kote alituma mtu. Alikuwa na posho mill hapa Yamumbi, kibanda cha mabati chenye injini ya dizeli, na kwa mawazo yake mwenye kinu cha kusaga mahindi hawezi kusimama nyuma ya mtu mwingine akinusa koti lake.

Hata mimi nilichumbiwa kwa njia hiyo. Vijana wawili walikuja nyumbani kwetu Kinangop. Mmoja alikuwa mrefu mwenye maneno matamu, mwingine mfupi aliyekaa kimya akila viazi. Yule mrefu alinisifu macho, akanisifu mwendo, akasifu hata ng'ombe wa baba. Nikampenda. Kumbe yeye alikuwa ametumwa, na aliyenitaka ni yule wa viazi. Nilipokuja kujua, wazee walikuwa wamekwisha kunywa pombe ya kwanza, na kwetu pombe ikishanywewa, mambo hayarudi nyuma kwa sababu ndogo kama msichana kukosea mwanamume.

Lakini nimpe haki yake. Alikuwa mchapakazi. Tulipohamia huku kutoka kwetu, tulikuwa na godoro moja na sufuria mbili. Alinunua injini ambayo mwenyewe wa kwanza alikuwa ameitupa nyuma ya nyumba kuku watagie mayai, akaifungua, akaiosha, akaifufua. Aliibeba mgongoni na wenzake wawili kutoka barabarani mpaka kwenye kinu kwa sababu lori lilikwama matopeni. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ninayokumbuka akifanya jambo kwa mwili wake mwenyewe. Baadaye alipata watu wa kutuma, akapata na cheo cha chama.

Miaka ile, wenye umri wangu wanajua, maisha yote yalikuwa kwa niaba. Chifu akiitisha baraza, kila nyumba ilete mtu mmoja. Barabara ikitakiwa kuchimbwa mtaro, kila nyumba ilete mtu mmoja na jembe. Mkubwa fulani akipita kwa gari, kila nyumba ilete mtu mmoja asimame kando ya lami na tawi la mti, afurahi. Hakuna aliyeuliza ni mtu gani. Ephantus alikuwa mwenyekiti wa chama hapa kwetu, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila nyumba imetoa mtu. Nyumba yetu ilitoa Jackson.

Jackson alikuwa mpakiaji wa magunia pale kinuni, mwanamume wa kutoka upande wa Turbo, mwenye shingo ya kufungia ng'ombe na roho ya mtoto. Alichimba mitaro kwa niaba ya Ephantus. Alipiga makofi kwa niaba ya Ephantus. Askari wa chifu akisoma majina barazani na kufika kwa "Ephantus Githinji!", Jackson alisimama nyuma kabisa na kujibu, "Niko!", sauti ya kutisha punda. Hakuna aliyecheka. Nyumba yetu ilikuwa imehudhuria, basi. Mwaka ule wa themanini na nane tulipopiga kura kwa kusimama nyuma ya tunayemtaka, na mstari mfupi ukatangazwa kuwa ndio mrefu, hakuna aliyeshangaa kuona Jackson amesimama mahali pa mume wangu. Kulikuwa na mambo makubwa zaidi ya kushangaa, na hayo pia hatukuyashangaa.

Ni mwaka huo huo henia ilipomshika.

Ilikuwa naye tangu siku ile ya kubeba injini, uvimbe wa pembeni, chini ya tumbo, unaotoka akikohoa na kurudi akilala chali. Alikuwa akiurudisha ndani kwa mkono kama mtu anayesukuma droo, kisha anaendelea kuzungumza habari za maendeleo. Mimi nikisema aende hospitali, yeye anasema ni hewa. Mpaka siku moja uvimbe ukatoka, ukakataa kurudi. Akalala sakafuni kinuni akitoka jasho, unga umemjaa usoni, anafanana na maiti iliyooshwa kwa haraka. Ulirudi wenyewe baadaye, lakini alikuwa ameogopa. Akakubali kumwona daktari katika hospitali kubwa mjini.

Daktari alimwambia lazima apasuliwe, na mapema, kabla utumbo haujajinyonga humo ndani. Akampangia siku. Akamwambia pia kwamba kabla ya siku hiyo aende maabara asubuhi, kabla ya kula chochote, atolewe damu ipimwe.

Sasa hapo nieleze jambo ambalo mume wangu hakumwambia mtu yeyote, hata mimi. Alikuwa anaogopa sindano. Nilijua kwa kuangalia tu. Watoto wetu walipokuwa wakipigwa chanjo kliniki, yeye alitoka nje kila mara kumwangalia punda. Hatukuwa na punda.

Asubuhi ya kupimwa damu aliondoka na Jackson, wote wawili bila kunywa chai. Nikafurahi. Nikajiambia, huyu mtu leo amekuwa mtu mzima. Walirudi mchana wakicheka, na mume wangu akala ugali kama aliyetoka kufunga Kwaresima. Baada ya siku chache alikwenda kuchukua majibu na kurudi nayo kama aliyepewa nishani.

"Damu yangu," alisema, akiwa amesimama mlangoni pa kinu ili wateja wote wasikie, "daktari amesema ni ya kijana. Haina kasoro hata moja. Wameshangaa!"

Alisema hivyo kinuni. Alisema hivyo kanisani, wakati wa matangazo. Alisema hivyo dukani kwa Safia, jirani yetu anayeuza sukari na vitambaa, ambaye ulimi wake haujawahi kulala.

"Mzee, kama damu ni ya kijana, oa wa pili," Safia akamwambia. "Huyu Mama Johnstone umemchosha."

"Nitafikiria," akasema mume wangu, akinunua soda nyingine.

Soda nyingine. Hapo ndipo roho yangu ilikuwa haitulii. Miezi ile Ephantus alikuwa anakunywa kama shamba la mpunga. Alimaliza maji ya mtungi, akamaliza soda za Safia, akaamka akitafuta maji tena. Mshipi wake alikuwa ameutoboa matundu mapya kwa msumari, na kila tundu alilieleza kuwa ni matokeo ya kazi nyingi. Kidole cha mguu kilichokwaruzwa na buti wakati wa palizi kilikuwa bado kibichi, na mahindi tulikuwa tumeshavuna. Na kule nyuma ya kinu, kwenye ua wa michongoma ambapo alikuwa na tabia ya kusimama akijisaidia, nilikuta asubuhi msafara wa sisimizi, wamejaa, wanashughulika kama watu wa harambee. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini sikuhitaji la tano kujua sisimizi wanafuata nini.

Basi nikawa najiuliza. Mtu mwenye damu ya kijana isiyo na kasoro, sisimizi wanamtafutia nini?

Tena nilikuwa nimeangalia mikono yake, jioni ya siku ile aliyotoka maabara, alipokuwa akinawa. Sikuona pamba, sikuona alama, sikuona hata kijidoti. Nikasema labda wazungu wameleta sindano isiyoacha alama.

Jibu lilikuja lenyewe jikoni, likiwa limebeba kuni. Jackson aliweka kuni chini, akasimama pale kama mtu mwenye haja, akajikuna kiwiko.

"Mama, naomba nikusumbue kidogo."

"Sema."

"Si kuna supu ya ile mifupa? Mzee alisema nikitolewa damu nitakula vizuri wiki mbili. Mpaka leo nimekula vizuri siku moja."

Nikaacha mwiko ndani ya sufuria. "Nani alikutoa damu, Jackson?"

"Si ni wale wa hospitali. Waliita jina, nikasema niko." Akanionyesha mkono wake wa kulia, alama ya sindano bado ina bluu pembeni, kubwa, ya heshima. "Yule mtu wa maabara alinisifu sana. Alisema mshipa wangu ni kama mpira wa bustani."

Nilimpa supu. Kosa halikuwa lake, na kwa kweli alikuwa ameifanyia kazi.

Jioni nilimngoja mume wangu amalize kula. Nimejifunza kwa miaka mingi kwamba mwanamume mwenye njaa hasikii, na mwanamume aliyeshiba hasikii pia, lakini angalau hainuki haraka.

"Baba Johnstone, ulitolewa damu mkono gani?"

"Mkono wa kawaida."

"Jackson anasema ulikuwa wake."

Hakushtuka hata kidogo. Alijichokoa meno kwanza. "Hospitali ilitaka damu. Nyumba hii imetoa damu. Unataka nini zaidi?"

"Nyumba haipasuliwi! Unapasuliwa wewe."

"Mama Johnstone, wewe hujui mambo ya serikali. Serikali inataka jina, na inataka mtu. Jina walipata. Mtu walipata."

"Mtu si huyo."

"Huyo ndiye mzuri!" Sasa alikuwa ananionea huruma, kama mwalimu na mtoto mzito. "Kile kipimo ni mtihani. Ukishindwa wanakurudisha nyumbani, siku yako anapewa mwingine, henia inaninyonga. Jackson hajawahi kuugua hata mafua. Ungetaka nimtume mgonjwa?"

Ukilisikiliza neno hilo haraka haraka, lina akili. Ni lazima ulisikilize mara ya pili ndipo nywele zisimame.

"Na sisimizi je?" nikauliza.

"Sisimizi gani?"

"Wale wa michongomani."

Akasimama. "Sasa unapeleleza mkojo wangu?" Akavaa kofia ya chama, ingawa hakuwa anakwenda popote. "Sikiliza. Ukifungua mdomo huko hospitali, utakuwa umeniaibisha mbele ya watu wa serikali. Mwenyekiti mzima, aonekane amedanganya? Usithubutu."

Basi sikuthubutu. Kwa siku kadhaa nilikuwa mke mwema kabisa. Nilipiga pasi pajama yake mpya, nikafunga blanketi, nikachemsha maji ya kujaza thamosi, na kila kitu nilichokifunga nilijiona ninafunga mizigo ya mtu asiyerudi. Nilimweleza Safia peke yake, kwa sababu ukiwa na jambo linalokula tumbo lazima ulitapike mahali.

Safia aliacha kupima sukari. "Ngoja. Anayepasuliwa ni Mzee au Jackson?"

"Mzee."

"Na daktari anajua damu ya nani?"

"Ya Jackson."

"Subhanallah. Mama, hiyo ni kama kumpima ng'ombe maziwa halafu ukamkamua mbuzi." Kisha akaacha mzaha, akashusha sauti. "Dada yangu Dahabo alipotakiwa kupasuliwa uvimbe wa tumbo, walimpima wakakuta damu yake ni kidogo sana. Wakamrudisha. Alilia, akafikiri wamemkataa kwa sababu ni Msomali. Kumbe walimpa dawa, wakamwambia ale ini na mboga, arudi. Akapasuliwa baadaye, leo yuko Garissa anagombana na mumewe kila siku. Wangempasua siku ile ya kwanza, angegombana na nani?"

Nilirudi nyumbani na jambo hilo. Kumbe mtu anaweza kushindwa mtihani huo na ndiyo ikawa bahati yake.

Siku ikafika. Tulikwenda watatu, mume wangu mbele, mimi nyuma yake, na Jackson akiwa amebeba beseni, blanketi na thamosi. Wodini walimvua suti Ephantus, wakamvika lile gauni la kijani linalofungwa nyuma na halifungiki. Mwenyekiti wa chama alikaa kitandani ameshika pindo kwa mikono miwili. Nilimhurumia, na nilikuwa nimengoja miaka mingi kumwona hivyo.

Mwuguzi wa zamu alikuwa Sista Chelimo, mwanamke mnene, mpole, anayetembea kama anaimba. Alikuja akasoma majibu yale mazuri, akatabasamu.

"Mzee, hongera. Watu wa umri wako wangekuwa hivi, tungefunga wodi. Na damu ya akiba tumekuwekea tayari, kundi lako, ikihitajika."

"Asante, Sista," akasema mume wangu. Akaniangalia pembeni, kwa yale macho anayomwangalia nayo mtu aliyeleta mahindi yenye mchanga.

Mimi nikajikuta ninauliza. "Sista, samahani. Hii damu mnaipima ya nini hasa? Kama mtu ana henia, si daktari anaiona kwa macho?"

"Mama Johnstone," akasema mume wangu.

"Mwache aulize, Mzee. Ni vizuri." Sista Chelimo akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Henia tunaiona, ndiyo. Hatumwoni mwenye henia. Mzee akilazwa pale ndani atakuwa amelala. Hatuwezi kumwamsha katikati tumuulize, Mzee, damu yako inatosha? Ukivuja inaganda? Una sukari? Figo zako zitaondoa hii dawa ya usingizi? Na tukihitaji kukuongezea damu, ni kundi gani? Mtu aliyelala hajibu. Kwa hiyo tunaiuliza damu yake mapema, na inayasema yote. Hata yale mwenyewe hajui."

"Na ikisema vibaya mnamfukuza?"

"Kumfukuza aende wapi? Tunamtibu kwanza hilo lililo baya. Halafu anapasuliwa."

"Na kama hiyo damu ilikuwa ya mtu mwingine?"

Sista akacheka mpaka kitanda kikatikisika. "Ya mtu mwingine ifike hapa vipi, Mama? Itembee yenyewe?"

Mume wangu alikohoa. Henia ikatoka kidogo, akairudisha. Hakuniangalia tena. Alikuwa anaangalia ukuta, na masikio yake yalikuwa mekundu kama nyanya, kwa sababu Ephantus ni maji ya kunde na aibu huonekana kwake upesi.

Nilisimama pale nikaona njia zote mbili kwa uwazi. Ningenyamaza, angeingia mle ndani na heshima yake. Ningesikia jina lake likisomwa redioni kwenye matangazo ya vifo, na waombolezaji wangejaa Yamumbi. Mimi ningekaa mbele na kitambaa cheusi, watu wakinisifu jinsi nilivyomtii mume wangu mpaka mwisho. Kweli ni sifa nzuri. Wanawake wengi wamezikwa nayo. Na Johnstone wetu, aliyekuwa bado sekondari, angerudi nyumbani kuja kubeba magunia.

"Sista," nikasema, "tafadhali nenda pale mlangoni uite jina la mgonjwa wako. Kwa sauti."

"Mgonjwa si huyu hapa?"

"Ita tu."

"Nyamaza, mwanamke!" mume wangu akasema, lakini kwa kunong'ona, maana gauni halikumruhusu kusimama.

Labda Sista Chelimo aliona uso wangu. Aliacha kucheka. Alikwenda mlangoni, akaangalia koridoni kulikokuwa na benchi la wenye kusubiri, akaita, "Ephantus Githinji!"

"Niko!"

Sauti ile ilifika mpaka wodi ya wazazi. Jackson akatokea mlangoni, beseni mkononi, tayari ameshakunja shati. "Leo tena, Sista? Basi chukueni mkono wa kushoto. Huu wa kulia bado unauma."

Wagonjwa waliokuwa wanakufa waliahirisha kidogo wasikie.

Sista alimtazama Jackson, kisha mume wangu, kisha Jackson tena, shingo yake, mikono yake. "Ni wewe ulitolewa damu?"

"Ndiyo. Mzee alisema ni kama baraza tu."

Sijui kama mmewahi kumwona mtu mpole akikasirika. Hakupiga kelele. Alimwambia msaidizi aende mara moja maabara, ule mfuko wa damu ulioandikwa jina la Githinji uondolewe na usiguswe na mtu. Alituma daktari aitwe. Ndipo akamgeukia mume wangu.

"Mzee, wewe ni kundi gani la damu?"

"Mimi sina kundi," Ephantus akajibu kwa hasira. "Mimi ni wa chama."

Mgonjwa mmoja upande wa dirisha alicheka mpaka akashika mshono wake na kulia.

Daktari alikuwa kijana sana, shingo nyembamba, kalamu tatu mfukoni. Alisikiliza yote. Kisha akasema damu itolewe sasa hivi, pale pale kitandani, mbele yake.

"Lakini mimi najisikia mzima," mume wangu akasema.

"Injini yako nayo hujisikia nzima," nikamwambia, "na bado huiwashi kabla hujachomoa kile chuma uangalie oili."

"Injini haina heshima ya kupoteza!"

Sista alikuwa ameshaleta sindano. Ephantus alipoiona alianza kushuka kitandani, akasema anatoka nje kidogo, kuna jambo anataka kuangalia. Nikamshika bega. Nikamwambia punda yuko salama. Sindano ilipoingia, mwenyekiti wetu aligeuza macho juu na kuzimia, taratibu, kama gunia linaloshushwa na mtu mwangalifu. Jackson ndiye aliyemdaka.

Majibu yalirudi kabla ya saa ya chakula. Sukari ilikuwa juu kiasi kwamba mtu wa maabara alikuja mwenyewe kuuliza kama mgonjwa bado anazungumza. Nikamwambia kuzungumza kwake hakuwezi kuzuiwa na sukari. Na damu yake ilikuwa kundi O. Ile iliyokuwa imewekwa tayari kwa jina lake ilikuwa ya kundi A, kama Jackson.

Daktari alivuta kiti, akazungumza na mume wangu kwa heshima, jambo ambalo mimi nisingeliweza.

"Mzee, tungekupasua leo na sukari hii, pengine usingeamka. Ungeamka, kidonda kingeoza kama hicho kidole chako. Na ungevuja tukakuongezea ile damu tuliyokuwekea, mwili wako ungeikataa. Tungekuua kwa mikono yetu, na karatasi zote zingeonyesha kwamba tulifanya vizuri."

Mume wangu alikuwa bado mweupe.

"Daktari," Jackson akasema kutoka nyuma, "kwa hiyo yale mazuri yote yalikuwa yangu?"

"Yote."

"Mimi ndiye sina kasoro?"

"Huna. Wewe ni kama trekta."

Jackson aliacha beseni pale pale, akatoka wodini akitembea kama chifu. Hakuwa tena mtu yule wa zamani. Baadaye alioa, na nasikia aliwaeleza wakwe kwamba amethibitishwa na hospitali.

Hawakumpasua siku hiyo. Walimbakiza wodini kuishusha sukari, na kila siku akachomwa sindano ya insulini, yeye mwenyewe, kwenye nyama yake mwenyewe. Alizimia mara ya pili, mara ya tatu akafumba macho tu, kisha ikawa kazi ya kawaida. Kwangu hakusema neno. Nilikaa pembeni ya kitanda chake, mkono wangu kwenye blanketi lake, na yeye anamwambia mgonjwa wa jirani, "Mwambie Mama Johnstone alete soksi." Yule mgonjwa ananiambia. Mimi ninamwambia yule mgonjwa, soksi ziko chini ya mto. Ndoa nyingi haziendeshwi vizuri hivyo.

Sukari iliposhuka na kidole kikaanza kukauka, daktari alimpima upya damu yote, akasema sasa. Walimpeleka ndani asubuhi. Mimi nilibaki kwenye benchi la koridoni. Nilikuwa nimefanya ujasiri wangu wote siku ile nyingine, na haukubaki hata wa kukaa. Nilihesabu vigae. Niliwaza kama vipimo vile vya pili navyo vinaweza kukosea, kama daktari ni kijana mno, kama nilipaswa kunyamaza, kama sasa akifa nitakuwa nimemwaibisha kwanza ndipo akafa. Sista Chelimo alinipitia, akaniwekea chai.

Walimrudisha amelala, mdomo wazi. Nilikaa nikiangalia kifua chake kikipanda na kushuka, na kila kikishuka mimi nilisimama nusu. Jioni alifumbua macho. Lakini hakuruhusiwa kunywa wala kula mpaka tumbo lifanye kazi, na namna ya kujua kwamba limefanya kazi, akaeleza Sista, ni Mzee atoe hewa. Basi mtu aliyezoea kuhutubia umma akalala pale, na wodi nzima ikangoja neno moja kutoka kwake, wala si la mdomoni. Kila mwuguzi aliyepita aliuliza. Kesho yake asubuhi alilitoa. Yule mgonjwa wa dirishani akapiga makofi.

Sista Chelimo akaniambia nimpe uji mwepesi, kidogo kidogo. Nilimwinua kichwa, nikamwekea kikombe mdomoni. Akaonja. Akaukunja uso wote.

"Huu uji hauna sukari," akasema. Aliniambia mimi.

"Hauna."

"Hata kijiko kimoja?"

"Hata."

Alikiangalia kile kikombe kwa muda mrefu, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. "Ni mbaya sana."

"Najua," nikamwambia. "Kunywa."

Akanywa.